Risiti Itatoka kwa Jina la Nani

Kijiwe chetu kiko barazani kwa marehemu mzee mmoja aliyeacha wana wawili: Breki, mwenye gereji, na mdogo wake Sindano, fundi cherehani. Mama yao yumo ndani, miguu haimbebi tena. Asubuhi hii tumekuta ukutani alama nyekundu na tangazo la halmashauri: kodi ya jengo haijalipwa miaka mingi, nyumba inapigwa mnada. Kahawa imemiminwa, hakuna anayeinywa. Nyumba si yangu, lakini nami naogopa. Leo wao, kesho nani?

Bunge, mstaafu asiyekosa la kusema, ndiye aliyeanza.

BUNGE: Pakeni chokaa, alama ifutike. Wasipoiona watauza nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka!

BREKI: Wameshapiga picha, mzee.

BUNGE: Basi mama asitoke kitandani. Nani atanunua nyumba yenye mgonjwa? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

SINDANO: Mtaa wa pili walimtoa bibi wa watu na godoro lake. Mvua inanyesha, majirani wanachungulia tu dirishani.

BUNGE: Hao walikuwa na huruma. Siku hizi wanauza nyumba na waliomo. Unaamka, kumbe nawe umeshanunuliwa!

Siku nyingine tungecheka mpaka tumwage kahawa. Leo Sindano aligeuka tu kuitazama ile alama.

MIMI: Lakini nyinyi wawili mna kazi. Mlishindwa nini kulipa?

SINDANO: Nilipe, risiti itoke kwa jina langu? Kaka si atasema nimejimilikisha!

BREKI: Na mimi je? Ningelipa, ungeniita mwizi wa urithi mbele ya ukoo mzima.

SINDANO: Ningekuita, ndiyo.

BUNGE: Mlifanya vyema. Subira huvuta heri.

Nilitamani kumziba mdomo. Kabla sijasema neno, binti mmoja mwenye kitambulisho cha halmashauri akasimama mbele yetu, jasho likimtoka, karatasi mkononi.

BINTI: Shikamooni. Mnada ni kesho, lakini unaweza kusimamishwa. Mwenye nyumba asaini hapa, halafu alipe kidogo kidogo. Nimekuja mbio, leo ofisi inafungwa mapema. Mwenye nyumba ni nani?

Sindano akanyoosha mkono. Breki akamkazia macho, mkono ukarudi mapajani. Breki naye akainuka nusu, akaona mdogo wake anavyomtazama, akakaa.

BUNGE: Ni... marehemu.

BINTI: Marehemu hasaini, baba. Aliye hai ni nani?

Ndani kitanda kikalia.

MAMA: Wanangu, nani huyo hapo nje?

Breki na Sindano wakajibu kwa sauti moja, mara ya kwanza kukubaliana tangu msiba:

— Hakuna mtu, mama. Lala.

Binti akafunika kalamu yake.