Mzee Kigingi na Ua Lililolala Kiangazi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kigingi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa fundi viatu, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Alisoma shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na bado alichelewa karibu kila siku. Mwaka 1970 alihitimu upimaji ardhi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2009.

Mwaka 1977, akipima njia ya barabara mpya, alikuta ua jekundu la porini, la duara, limechomoza baada ya mvua ya kwanza. Barabara ilikuwa ipite hapohapo. Alichimbua kiazi chake, akakifunga kwenye leso, akaenda kukipanda kando ya mlango wa jikoni.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa. Kiangazi kilipofika, majani yalikauka yote, kama ilivyo kawaida ya ua lile. Bibi harusi, mchapakazi asiyependa kuona ardhi imekaa bure, alikichimbua kiazi, akakitupa jalalani na kupanda nyanya. Marehemu hakugomba. Alinuna tu, lakini nyanya akazila. Mvua iliponyesha, jalala likachanua. Akalirudisha ua mahali pake na kupigilia kigingi cha kazini, chenye herufi zake kubwa: LIPO. USICHIMBE. Jina lake lilianzia hapo. Vigingi vilioza, akavibadilisha, lakini maneno hakuyagusa.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Kilichomkosesha raha hakikuwa figo.

"Nikiondoka, kiangazi cha kwanza tu mtalitupa," alimwambia mkewe.

"Mzee wangu, nilikosea mara moja, nawe umenikumbusha miaka arobaini na sita. Nitalisahau vipi?"

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Kicheko kile tunakikumbuka sana.

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, ua likiwa bado chini ya udongo.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Kiazi kile kimezaa vingine, na kila mtoto anaondoka leo na chake ndani ya kopo linaloonekana kama la udongo mtupu, na mama amekwisha kuwaonya wasiumwage. Kiazi cha nne, kile kikubwa, atakipanda mwenyewe hapa, miguuni pa kaburi. Kigingi amekuja nacho mkobani. Alikiandika jana kwa mkono wake. Herufi zimepinda, maneno ni yaleyale.

Pumzika sasa, Mzee Kigingi. Mvua ikinyesha, tutakuja kuangalia.