Akaunti Yangu Ifungeni Kabla Yangu

Sogeeni, wanangu, na mlango urudishieni, maana haya si ya kusikika koridoni. Nyumba na shamba mama yenu alishawagawia, sina la kuongeza. Iliyobaki mkononi mwangu ni hospitali yetu, na ndani yake ile akaunti kuu ya kompyuta inayofungua faili la kila mgonjwa, ikabadili kundi lake la damu au dozi yake, kisha ikafuta jina la aliyebadili. Naiogopa kuliko ugonjwa huu.

Tangu jana simu hii inaniuliza, "Ni wewe unayeingia?" Mimi niko hapa, hata kijiko nashikiwa. Mtu ameshalipata nenosiri langu, wanangu, na kinachomzuia ni kidole changu tu, kinachobonyeza hapana. Simjui. Nimeanza kuwachunguza nyuso hata wanaokuja kunijulia hali, na naona haya.

Nawe mwanangu, fundi wa kompyuta, nilipokwambia uifunge ukasema kumfungia mzee akaunti akiwa mgonjwa ni kumchuria kifo. Nichurie, baba. Ifunge leo, msingoje mnizike, na jina langu asilirithi mtu. Kila mmoja awe na akaunti yake, jambo likiharibika tujue ni mkono wa nani. Kazi za kila siku zifanyieni kwenye akaunti ndogo. Hiyo kubwa ifunguliwe panapo haja, mkiwa wawili, ikimaliza kazi ifungwe. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo, hata kama tumemuaga kwa machozi. Mjomba wenu mhasibu amenuna tangu nilipomkatalia akaunti hiyo kubwa. Mwambieni nilimnyima funguo, sikumnyima heshima. Akiomba tena, mnyimeni.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Binti yangu, mfamasia wangu, wewe ndiye utakayekesha nami, na hofu yangu yote iko hapo: nitasinzia, simu italia, nawe kwa kunihurumia utabonyeza ndiyo ili inyamaze. Asubuhi mgonjwa wa watu atawekewa damu isiyo yake.

Mungu awaweke pamoja. Awape moyo wa kukataa bila kuogopa kuitwa wabaya. Radhi yangu mnayo, nyote...

Hiyo, inalia tena. Kidole hakinyanyuki. Ishike wewe, binti yangu. Soma kwanza, taratibu... Umebonyeza nini? Sema, nisikie.

Umebonyeza hapana. Ahsante, mama. Sasa mwache kaka yako aende akaifunge.