Mwalimu Auma, Aliyewatuma Watoto Nyumbani kwa Wenzao

Mwalimu Emmaculate Auma Odongo, tunayemlaza leo hapa Ugunja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nicanor Okello na Mama Aoko. Mama yupo nasi, ameketi pale mbele. Anasema Auma alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, hata kanisani.

Alisomea shule ya msingi hapa karibu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1988 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1992. Alitamani kwenda chuo mara moja, lakini baba yake alikuwa ameanza kuugua na kaka zake walikuwa mbali. Yeye ndiye aliyebaki kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani hadi mzee alipofariki mwaka wa 1994. Alimpenda baba yake sana. Hata hivyo alikiri kwamba miaka hiyo, kila basi la Nairobi lilipopiga honi barabarani, alihisi limemwacha yeye peke yake. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka wa 1997.

Mwezi Mei 1999 aliajiriwa katika shule moja mjini Thika. Huko alikutana na Odongo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, wakafunga ndoa hapa Ugunja tarehe 1 Desemba 2001. Mwaka wa 2004 alihamishiwa shule ya msingi ya Gatongora, huko Ruiru, na hapo ndipo alipofundisha hadi mwisho. Mungu aliwajalia Mitchell mwaka wa 2005 na Okello mwaka wa 2010.

Yaliyompata mapema mwaka wa 2008 hakupenda yafichwe, kwa hiyo tutayasema. Odongo alikuwa amekuja nyumbani kwa Krismasi, na Auma akabaki Gatongora kwa sababu Mitchell alikuwa na nimonia. Uchaguzi ukapita, ghasia zikaanza, barabara zikafungwa. Vijana wakawa wanapita ploti kwa ploti wakiuliza nani anaishi wapi na ni wa kabila gani. Mwalimu Wangechi, aliyekuwa akifundisha darasa la jirani na kuweka funguo za stoo ya chakula cha shule, alimchukua Auma na mtoto alfajiri, akawaingiza katikati ya magunia ya mahindi.

"Lazima nifunge kufuli kwa nje," Wangechi alimwambia. "Wakiona mlango haujafungwa wataingia."

"Na wewe wakikushika? Nani atajua niko humu?"

Wangechi aliwaachia chupa ya uji, akafunga.

Walikaa mle siku kadhaa. Kilichomkaa Auma moyoni hakikuwa njaa wala joto la mabati. Mchana mmoja alisikia wanaume nyuma ya ukuta wakizungumza Kikikuyu. Kikikuyu chake kilikuwa cha sokoni tu, hakushika neno. Alimziba Mitchell mdomo kwa kiganja, mtoto akahangaika kutafuta pumzi, naye hakuthubutu kumwachilia mpaka sauti zile zilipoondoka. Wangechi alipokuja alimweleza kwamba walikuwa wazazi wawili wa shule, waliokuwa wakiulizana kama bomba la shule lina maji.

"Nilikaribia kumuua mwanangu," Auma alisema, "kwa sababu ya watu waliotafuta maji."

Barabara zilipofunguliwa aliomba uhamisho wa kurudi huku nyumbani Siaya. Akanyimwa, kwa kuwa hakukuwa na mwalimu wa kushika nafasi yake. Akaomba tena, akanyimwa tena. Watu wakimsifu kwamba alichagua kubaki, aliwasahihisha: "Sikuchagua. Nilikosa ruhusa ya kuondoka." Muda mrefu alifundisha huku mkoba wake umefungwa zipu chini ya meza, jicho likiwa mlangoni.

Mwezi Julai 2009 alianzisha Siku ya Nyumbani. Mtoto hakuruhusiwa kusimulia habari za kwao. Alitumwa kwa mwenzake, aone wanapika nini, wazee wanaamkiwaje, jina la mtoto linatoka wapi, kisha aje aieleze shule nzima. Mwaka mmoja siku hiyo iliangukia Ramadhani, naye Ngigi akatumwa kwa kina Nadira, binti wa Bi Amida muuza vitambaa. Saa ya chakula shuleni Mwalimu alimkuta Ngigi ameketi kando ya Nadira, anameza mate.

"Mbona huli?"

"Nikila, Mwalimu, nitaenda kusimulia nini?"

Mwalimu aliweka sahani yake chini, akaketi nao hadi kengele ilipolia.

Si wote walioipenda siku hiyo. Mzazi mmoja, Bwana Muigai, alikuja ofisini na kumwambia, "Sikuleta mtoto hapa afundishwe Kijaluo."

"Hafundishwi Kijaluo, Baba Njambi. Anafundishwa kumuuliza jirani habari."

Muigai alimhamisha Njambi wiki hiyo hiyo. Jambo hilo lilimuuma Mwalimu, na hakuacha kulitaja.

Mwaka wa 2021 mkono wake wa kulia ulianza kuangusha chaki. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva usio na tiba. Alistaafu mapema, familia ikahamia Kahawa Sukari, ghorofa ya tatu, karibu na kliniki ya mazoezi. Miguu ikafuata, ngazi zikamshinda, na hakushuka tena ila kwa kubebwa. Akili haikuguswa hata kidogo. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, na sauti ikawa inaisha.

"Nimefungiwa tena," alimwambia Wangechi siku moja, maneno yakitoka kwa shida. "Na safari hii huna ufunguo."

"Sina," Wangechi alijibu. "Sogea kidogo, nikae."

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila siku. Sauti ilipokwisha kabisa, Auma alijibu kwa kufumba macho kumaanisha ndiyo. Odongo alimuuliza kama angependa kuzikwa Ruiru, alikoishi na kufundisha. Macho yakabaki wazi. Alipomuuliza, "Ugunja?" aliyafumba, machozi yakatoka.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa nane mchana, Wangechi akimchana nywele.

Ameacha mumewe, Odongo, watoto wake Mitchell na Okello, na mama yake. Tulipomsomea Mama Aoko majina ya ndugu, alitusimamisha. "Na Wangechi wangu, mbona hamumtaji?" Tukamwambia haya ni majina ya watoto wake wa kuzaa. Akasema anajua aliowazaa, tuandike. Basi Mwalimu Auma ameacha pia kaka wawili, na dada yake Wangechi.

Mola ampe pumziko la amani.