Nani Alimpa Jaji Nguvu

Asubuhi hiyo Jepkemei alifika kwenye benchi la Kinsi, muuza kahawa, pale malori yanapoegeshwa Salgaa, akakaa bila kusalimia mtu. Kinsi akammiminia kahawa bila kuuliza. Wote walijua: alifutwa kazi ya kuendesha lori mara tu bosi alipogundua ana mimba. Akakimbilia korti ya madai madogo, kwa vile wanasema ni ya haraka. Jana kesi ikatupwa.

— Hakimu alisemaje? akauliza Kamande, fundi wa magurudumu waliyemwita Spika.

— Ati hana mamlaka. Ati kesi za kazi si zake.

— Hakimu mzima hana mamlaka!

— Peleka korti ya trafiki, akasema Jerry, aliyejiita Wakili tangu ashikwe akiendesha bila leseni. Si wewe ni dereva?

— Trafiki gani! Spika akaruka. Lori linakanyaga nini? Ardhi. Hiyo ni korti ya ardhi, buda.

— Basi aende kwa kadhi, akasema Wakili. Si bosi ni Muislamu?

— Kadhi ni wa ndoa, talaka na urithi, tena wetu sisi Waislamu, Kinsi akamkata. Kwani Jepkemei aliolewa na lori?

Benchi zima likacheka. Jepkemei alitazama chini.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja pancha yake izibwe, akageuka.

— Pole, msichana wangu. Kwani ulikuwa unataka korti ikupe nini?

— Kazi yangu.

— Na si kuna korti ya kazi hapo Nakuru?

Jepkemei alikuwa ameshasimama.

Mtoto alizaliwa kesi ikiendelea huko Nakuru. Siku ya hukumu alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, jaji akisoma: kumfuta mwanamke kwa sababu ya mimba ni kuvunja sheria. Arudishwe kazini. Jepkemei alilia mbele ya watu wala hakujifuta.

Wiki iliyofuata honi ya lori ililia Salgaa mpaka Kinsi akashika birika. Jepkemei akaruka chini, funguo mkononi.

— Sasa huyo jaji, Wakili akauliza, nguvu alipewa na nani?

— Katiba, akajibu Spika.

— Na Katiba ikapewa na nani?



— Mwaka wa elfu mbili na kumi nilipanga laini Keringet tangu alfajiri, Jepkemei akasema. Kura yangu ya kwanza. Tulipitisha Katiba sisi. Mimi ndiye nilimpa huyo jaji nguvu!

Akapanda lori, akashika barabara ya Eldoret.