Celestine Namalwa, Aliyetukataza Kusema "Amelala"

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kyebando, watumishi wa Mungu na wote mliofika kutusindikiza kabla ya safari ya Kimilili, mimi ni mdogo wake mzee Wanjala, marehemu alikuwa shemeji yangu, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe, mwili wangu huugua lakini mdomo haujawahi.

Celestine Namalwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kimilili, Kenya, akasoma msingi na sekondari hukohuko, kisha Nairobi, alikohitimu mwaka 1984 kama fundi wa mashine ya kupima umeme wa ubongo, kazi ambayo mama mkwe wake hakuielewa mpaka anaingia kaburini. Alifunga ndoa na kaka yangu tarehe 20 Desemba 1986, wakahamia Kampala mwaka 1988, vita vimekwisha na mji unatafuta watu wa kazi, kaka akafungua duka la vipuri Nakawa, naye akaajiriwa hospitalini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Byron mwaka 1989 na Nekesa mwaka 1993.

Alitueleza kwamba mtu akishikwa na usingizi, seli zilizo katikati kabisa ya ubongo huanza kupiga umeme kwa mdundo mmoja, zinapiga, zinanyamaza, zinapiga tena, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, na mdundo huo hujichora kwenye karatasi kama uzi uliosokotwa, mnene katikati na mwembamba pembeni, ndiyo maana akauita misokoto. Jirani yetu Okeny, askari polisi, aliposikia kwamba mke wa Wanjala anashinda kazini akitafuta misokoto vichwani mwa watu, alidhani ni bangi, na mpaka leo hatujaacha kumtania.

Mwezi Mei 1999 mama Pélagie, mkimbizi kutoka Kongo anayeuza vitenge soko la Owino, alimleta hospitalini mwanawe Pitshou, malaria imempanda kichwani, hajitambui, na daktari akaomba ubongo wake upimwe. Celestine akaiona misokoto, daktari naye akaiona, wakafurahi, maana ubongo unaosokota una tumaini la kuamka. Mhudumu mmoja akakimbia nje na habari hiyo njema, na kwa Kiswahili chetu cha Kampala akawaambia ndugu, "Mtoto amerara," yaani amelala. Walisikia kile ambacho sisi sote tungesikia tukiambiwa hivyo hospitalini, Pélagie akaanguka chini, vilio vikapanda, wajomba wakaingia kuchomoa dripu wambebe maiti wao. Shemeji alisimama mlangoni, gundi ya kubandikia nyaya za mashine bado iko vidoleni, akasema, "Hajakufa huyu, ni usingizi, hakuna mtu kumbeba hapa," na hakuondoka hapo mpaka walipotulia. Siku chache baadaye Pitshou aliamka, akaomba uji.

Tangu hapo alitukataza kusema amelala kwa mtu aliyekufa, kwa sababu, alisema, aliyelala bado ana kazi kichwani, na neno moja lilikaribia kumzika mtoto wa watu.

Februari 2018 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, na tarehe 3 Agosti 2019 asubuhi akatutoka. Nekesa aliponipigia simu hakuzunguka, alisema, "Baba mdogo, Mama amekufa," nikajua mafunzo ya mama yake yamemwingia, nikalia.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa kazini, majirani mliokesha nasi, Okeny aliyesimamia hema na magari, na mama Pélagie ambaye hajatoka jikoni tangu msiba uanze. Pitshou, sasa mwanamume mwenye watoto wake, ameomba awe mbele kwenye jeneza, na familia imekubali, ambebe yule aliyekataza yeye asibebwe.

Shemeji, kulala ulitukataza kusema, kupumzika hukutukataza. Pumzika kwa amani.