Kodi Ambayo Mzee Dionizi Alikataa Kusamehewa

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, mimi ni Kalista, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Mzee Dionizi Lyamba, pamoja na yale ambayo wengine hapa wangependa niyaruke.

Baba alizaliwa Sibwesa tarehe 9 Oktoba 1957, akasoma Kabungu hadi darasa la saba, kisha mwaka 1976 akaajiriwa kupima tumbaku kwenye mizani katika chama cha wakulima, kazi iliyomfundisha kuangalia kwanza mkono wa mtu, ndipo asikilize maneno yake. Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Specioza, wakajaliwa watoto wanne, wakajenga hapa Mpanda, katika mtaa huu.

Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU mwaka 2021, baba alikuwa ameshavuka miaka sitini, na mzee wa umri huo husamehewa kwa nyumba anayoishi, lakini alikataa katakata kuuomba msamaha huo, akisema ni wa kumziba mdomo, kwani asiyelipa hana pa kuulizia, na yeye alitaka kila mkutano wa mtaa asimame aulize mtaro na barabara yetu viko wapi, hata mama akawa anamtania kwamba atakufa anauliza.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024, na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, alizidiwa, bajaji iliyombeba ikakwama kwenye tope barabarani, hapo chini kidogo ya nyumba yetu, majirani wakambeba kwa kitanda kuelekea lami, akakata roho kabla hawajafika.

Jana greda la halmashauri lilikuja, likachonga barabara na kusambaza udongo wa moramu kutoka lami hadi getini kwetu, likaegeshwa, huku mbele, kwa jirani yetu Mama Nyanzala, tope liko palepale, nasi tunajiuliza kama barabara hii ni ya wananchi au ya magari ya wageni wa msiba, na inatuuma sana kwamba baba anapita pazuri akiwa ndani ya sanduku.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, majirani waliombeba, na wenzake wa chama, tunamshukuru pia dereva wa greda, ila tunamwomba asiondoke, maana tukitoka makaburini tutakuja wote tusimame naye mpaka afike kwa Mama Nyanzala. Mama naye ana miaka sitini na tatu, na msamaha hatauomba.

Pumzika kwa amani, baba, kuuliza tuachie sisi.