Sanduku Lililogeuka Lenyewe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mhandisi aliyetutoka juzi. Wenzake kazini walimwita Mama Upepo. Kazi yake ilikuwa kuifundisha parachuti kujiongoza. Nasema tena: kujiongoza yenyewe, bila mtu. Mzigo unaachiwa kutoka kwenye ndege, na kompyuta ndogo iliyofungwa juu yake inavuta kamba, kushoto, kulia, mpaka ufike pale ulipotumwa. Mimi hapa studio hata karatasi inanishinda kuitupia kwenye ndoo ya taka.

Mumewe, fundi seremala, ametusimulia akicheka huku machozi yanamtoka: "Nikimwomba aanue nguo, anasimama pale anazitazama tu. Namwambia, mke wangu, mvua hiyo. Ananijibu, subiri kwanza, upepo wa juu na wa chini hauelewani."

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Upepo wa juu na wa chini hauelewani. Miaka mingi magunia yake ya mchanga ya majaribio yalitua yalikotaka yenyewe. Moja lilitoboa paa la ofisi ya mkuu wake. Walimtania weee! Akacheka nao, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Halafu yakaja mafuriko. Daraja likaondoka na maji. Ng'ambo kulikuwa na hospitali ndogo, na humo mama aliyetoka kujifungua, damu inamtoka haisimami. Ya kumwongezea ilikuwa imekwisha. Helikopta isingeweza kupita kwenye mawingu yale. Ndege ikapanda juu ya mawingu hayo, ndani yupo Mama Upepo na sanduku la damu. Alikuwa hajawahi kutuma damu. Alikuwa ametuma mchanga tu.

Rubani anakumbuka: "Nikamuuliza, dada, tuachie? Huko chini hatuoni kitu. Akapitia hesabu zake mara ya mwisho. Kisha akasema, achia, kaka."

Sanduku likazama mawinguni. Yeye hakuona kitu tena. Chini, uani kwa hospitali, muuguzi alikuwa amesimama kwenye mvua. Msikilizeni: "Tuliliona likitokeza. Likatupita, juu kabisa ya paa. Nikashika kichwa, nikasema basi, limekwenda mtoni. Mara likageuka. Lenyewe, jamani. Likaukabili upepo, likapunguza mwendo, likashuka taratibu kati ya jiko na tangi la maji. Nilipaswa kulikimbilia, lakini nilikuwa nimeduwaa."

Wasikilizaji wapendwa, nimesimulia habari nyingi kwenye kiti hiki. Hii inanisisimua mwili. Liligeuka lenyewe, lakini kila kona liliyokata, kuna mtu aliyekaa miaka akiifikiria. Mama yule akaongezewa damu. Akapona.

Kwa mumewe, kwa binti zake wawili, kwa wenzake wa kazini: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Na sisi tuliobaki tujiulize, ni nani leo anatuhangaikia bila hata kutuona?

Asubuhi hii mama yule alitupigia simu. Alisema: "Siku ile nilikuwa nimezimia, sikuliona sanduku. Na yeye alikuwa juu ya mawingu, hakuliona. Naomba tu mnisimulie lilivyoshuka."

Basi, mama. Ndivyo lilivyoshuka.